Uzi: Shairi la Kijerumani likivushwa kwenda Kiingereza, ni kipi kinachozama njiani?

Msomaji wa Ilala (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie, jambo lenyewe limenikaa moyoni mwaka mzima. Nilisoma Kijerumani miaka minne, masomo ya jioni hapa Dar, na tangu mwaka jana nimejiwekea desturi. Kila Jumapili nachukua shairi moja la Kijerumani, naliandika katikati ya ukurasa wa daftari, kisha kushoto na kulia nanakili tafsiri mbili za Kiingereza. Nanakili kwa mkono, kwa sababu mkono huona mengi yanayopitwa na jicho.

Mwanzoni niliamini kazi ya mfasiri hapa ni nyepesi. Lugha hizi ni ndugu wa tumbo moja: Haus ni house, Nacht ni night, Wasser ni water. Sasa naamini undugu huo ndio unaomponza. Anadhani yuko nyumbani kumbe yuko ugenini. Herbst kwa Mjerumani ni msimu wa majani kupukutika. Neno pacha lake la Kiingereza, harvest, limebaki kuwa mavuno.

Shairi lililonigeuza ni hili dogo la Goethe:

Über allen Gipfeln
Ist Ruh,
In allen Wipfeln
Spürest du
Kaum einen Hauch;
Die Vögelein schweigen im Walde.
Warte nur, balde
Ruhest du auch.

Maneno 24, basi. Aliliandika kwa penseli kwenye ukuta wa kibanda cha mbao juu ya mlima Kickelhahn, karibu na mji wa Ilmenau, tarehe 6 Septemba 1780. Alikuwa na miaka 31. Alirudi kibandani hapo Agosti 1831, siku moja kabla ya kutimiza miaka 82, akayakuta maandishi yake, akayasoma, machozi yakamtoka. Machi iliyofuata akafariki.

Kwa Kiswahili cha juujuu: juu ya vilele vyote kuna utulivu; katika vilele vya miti yote huhisi pumzi ila kwa taabu; vindege vimenyamaza mwituni; ngoja tu, karibuni nawe utatulia.

Na hii ni ya Longfellow, Mmarekani, wa karne ileile aliyofia Goethe:

O'er all the hilltops
Is quiet now,
In all the treetops
Hearest thou
Hardly a breath;
The birds are asleep in the trees:
Wait, soon like these
Thou too shalt rest.

Nimeinakili mara tatu. Ni nzuri, tena naipenda. Lakini tazameni Gipfeln na Wipfeln. Herufi moja tu inautenganisha mlima na mti, jicho linateremka kutoka jiwe hadi jani bila kujikwaa. Longfellow ana hilltops na treetops, amejitahidi kweli, ingawa mlima umemgeukia kilima. Kisha Ruh ya mstari wa pili inarudi mwisho ikiwa kitenzi, ruhest. Utulivu wa milima na utulivu wa msafiri ni neno lilelile. Kwa Longfellow milima ina quiet, mtu ana rest, na kamba iliyokuwa inawafunga pamoja imekatika.

Kinachoniuma zaidi ni ndege. Ndege wa Goethe wamenyamaza. Wa Longfellow wamelala. Halafu hiyo "like these", kama hawa, imetoka wapi? Goethe hakumfananisha mtu na ndege. Alitaja mlima, akataja mti, akataja ndege, akafika kwako, akaacha uunganishe mwenyewe. Longfellow alikuwa anatafuta kina cha kujibu Walde na balde, akapata trees na these, na kina hicho kikamlazimisha kulisema wazi jambo ambalo shairi lililinyamazia.

Hoja yangu basi: mfasiri ashike kwanza mwendo wa shairi, yaani kipi kinatangulia, kipi kinacheleweshwa, neno gani linarudi. Vina vitafuata vikiweza. Karibuni, hasa mnaosoma lugha zote mbili na mnaotunga.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu Msomaji, nimekusoma mara mbili na nimefurahi. Nimefundisha fasihi miaka 30, na kwaya nimeiongoza zaidi ya hapo, kwa hiyo niruhusu nisimame upande wa vina.

Kwanza tuelewe ugumu wake unatoka wapi, maana wengi humlaumu mfasiri bila kuitazama lugha. Kijerumani kimehifadhi viambishi vya mwisho wa neno. Leben, geben, schweben, streben: vitenzi karibu vyote vinaishia -en, na majina mengi ya wingi vilevile. Kina cha silabi mbili kwa mshairi wa Kijerumani ni chakula cha kila siku. Kiingereza kiliviacha viambishi hivyo karne nyingi zilizopita, maneno yake mengi yamebaki silabi moja yenye konsonanti kavu mwishoni. Akitaka kina cha silabi mbili hupata shida, na akikipata wasomaji wake hutabasamu, kwa sababu wamezoea kukisikia kwenye mashairi ya kuchekesha. Njia moja tu iko wazi kwake, nayo ni -ing.

Chukua wimbo wa Martin Luther ambao Walutheri wote wa hapa kwetu wanaujua, ule wa Mungu kuwa ngome:

Ein feste Burg ist unser Gott,
ein gute Wehr und Waffen.

Waffen ni silaha, na inajibiwa na betroffen. Thomas Carlyle mwaka 1831 aliandika "A trusty shield and weapon", ngao na silaha zote ziko. Frederick Hedge, Mmarekani, akaandika "A bulwark never failing", akaijibu na "prevailing". Umeona -ing mbili? Silaha imepotea, imekuja boma lisiloshindwa. Lakini nenda makanisa ya Marekani, wa Hedge ndio wanaouimba kwa moyo. Wimbo ni wa kuimbwa. Noti zinataka silabi mbili mwishoni, huna la kufanya.

Kijana Eldoret

Mwalimu, shikamoo. Naomba kuuliza kwa heshima: hapo si umemuunga mkono Msomaji? Kina ndicho kilichompokonya Luther silaha.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Swali zuri, na sikwepi. Silaha ilipotea, ndiyo. Ila pana kitu kilichookoka ambacho tafsiri isiyo na vina isingekiokoa, nacho ni pumzi ya watu mia wakiimba pamoja. Wewe Msomaji unasoma shairi peke yako Jumapili mezani. Mashairi mengi ya Kijerumani hayakuwa hivyo. Hilo la Goethe, Schubert mtunzi wa muziki alilitilia noti. Hata washairi Heine na Müller walisikika sebuleni na ukumbini kabla ya kuwa daftarini.

Na vina vinaweza kumzaa mshairi mpya. Bürger aliandika utenzi wa kutisha uitwao Lenore, ukatoka mwaka 1773: msichana anabebwa usiku juu ya farasi na mchumba ambaye kumbe ni maiti. William Taylor wa Norwich akaufasiri. Siku moja Anna Barbauld akaisoma tafsiri hiyo kwa sauti huko Edinburgh mbele ya wageni. Kijana Walter Scott hakuwepo, alisimuliwa tu, pamoja na mistari miwili mtu aliyoishika kichwani: "Tramp, tramp" juu ya nchi kavu, "Splash, splash" juu ya bahari. Bürger hana bahari pale, ana "hurre hurre, hop hop hop" na cheche za kwato. Bahari ni ya Taylor. Lakini mistari hiyo ilimkosesha Scott usingizi, akaitafuta Lenore kwa Kijerumani, akaifasiri mwenyewe, na mwaka 1796 ikawa kitabu chake cha kwanza. Mwendo uliofasiriwa kwa uaminifu bila vina usingeshikika kichwani mwa mtu asiyelikumbuka shairi zima.

Msomaji wa Ilala

Mwalimu, hapo umenigusa na nakubali: la kuimba lina sheria zake. Nilitaja Goethe kwa sababu ni fupi. Ngoja nitoe lisiloimbwa, muone ninaposema mwendo namaanisha nini.

Rilke ana shairi la chui aliyefungiwa Jardin des Plantes, bustani ya wanyama ya Paris. Limo katika Neue Gedichte ya 1907. Linaanza:

Sein Blick ist vom Vorübergehn der Stäbe
so müd geworden, daß er nichts mehr hält.
Ihm ist, als ob es tausend Stäbe gäbe
und hinter tausend Stäben keine Welt.

Jicho lake limechoshwa na fito za chuma zinazopita, hata halishiki tena kitu. Kwake ni kama ziko fito elfu, na nyuma ya fito elfu hakuna dunia. Chui ndiye anayezunguka, lakini Rilke anasema fito ndizo zinazopita. Sasa lisomeni kwa sauti hata kama hamjui Kijerumani: Stäbe, Stäbe, gäbe, Stäben. Sauti ileile inakupita mbele ya uso mara nne, kama fito zenyewe. Kiingereza kina bars. Silabi moja, haina mwangwi, na kina cha kuijibu kitatoka kwenye neno la mbali lisilohusu.

Na mwisho wa shairi. Mara chache pazia la jicho hufunguka, picha inaingia, inapita katika viungo vilivyokaza kimya,

und hört im Herzen auf zu sein.

Kijerumani kina vitenzi vinavyopasuka vipande viwili. Aufhören ni kukoma, lakini katika sentensi auf inatupwa mbali huko mbele. Kwa hiyo unaanza kusoma "und hört im Herzen", na hört ikiwa peke yake maana yake ni anasikia. Kwa nukta moja unadhani picha ile imesikika moyoni mwa chui. Kisha inakuja auf, na unatambua: imekoma. Imefia moyoni. Tumaini la nusu mstari limezimwa na kipande cha neno. Hakuna mfasiri wa Kiingereza ninayemjua aliyeweza hilo, wala simlaumu, kitenzi cha namna hiyo hana. Ila mtu akiniambia hasara kubwa ni vina, namwonyesha mstari huu.

Mtunza Maktaba

Naongeza hasara nyingine ambayo sisi Waswahili tunaipita bila kuiona, kwa sababu hatuna kifaa chenyewe. Jinsia ya maneno.

Heine, katika Lyrisches Intermezzo ya 1823:

Ein Fichtenbaum steht einsam
Im Norden auf kahler Höh'.

Mti wa baridi, jamii ya msonobari, umesimama peke yake kaskazini juu ya kilima kitupu, umefunikwa barafu na theluji, unasinzia. Unaota juu ya mtende ulio mbali mashariki, nao uko peke yake, kimya, unahuzunika juu ya ukuta wa mwamba unaowaka jua. Beti mbili, kwisha.

Kwa Kijerumani Fichtenbaum ni mwanamume, Palme ni mwanamke. Hakuna neno mapenzi popote katika shairi, wala halihitajiki. Sarufi imeshasema. Kiingereza kina miti isiyo ya kike wala ya kiume, yote ni it. Emma Lazarus, yule ambaye shairi lake limebandikwa kwenye Sanamu ya Uhuru ya New York, alilitatua kwa ujasiri: mti wa kwanza akauita he, wa pili her. Msomaji wa Kiingereza anashtuka kidogo, maana mti kuitwa he si kawaida, wakati Mjerumani hashtuki kabisa. Lakini wapenzi wawili wamebaki wapenzi.

Mlinganishe na Lermontov aliyelifasiri kwa Kirusi mwaka 1841. Alichagua sosna, msonobari, ambao kwa Kirusi ni wa kike, na palma nayo ya kike. Shairi likawa upweke wa viumbe wawili walio mbali, mapenzi yakatoweka. Tyutchev, Mrusi mwenzake, yeye aliona afadhali abadilishe mti wenyewe, akaweka mwerezi, kwa sababu kedr ni wa kiume. Aliacha ukweli wa msitu ili ashike ukweli wa moyo.

Na hapa Msomaji atafurahi: Lazarus aliupata mwanamume na mwanamke, ila mwamba ulimponyoka. Heine ana Morgenland na Felsenwand. Lazarus akaandika sunrise-land, na ili ijibu akaweka "burning bank of sand". Ukuta wa jiwe umekuwa ukingo wa mchanga. Kina tena.

Kijana Eldoret

Kwa Kiswahili je? Mti ni u-, yote miwili ni u-. Tungefanyaje?

BintiPemba

Kaka Eldoret, kwetu mtende una njia. Waliokaa Oman wanajua, mitende ina dume na jike, na dume lisipopandishwa jike halizai. Ukisema "mtende jike" hakuna atakayekushangaa. Taabu ni huo msonobari, nao ukiuita dume itakuwa umeubandika tu. Lakini jike likishatajwa la pili, la kwanza atajijua.

Mie nimekuja na jengine. Rilke huyo huyo aliandika Tenzi za Duino. Alizianza Januari 1912 ngomeni Duino, akazimaliza Februari 1922 huko Muzot, Uswisi. Zinafunguka hivi: "Wer, wenn ich schriee, hörte mich denn aus der Engel Ordnungen?" Nani, lau ningelia, angenisikia miongoni mwa safu za malaika? Wafasiri Leishman na Spender, 1939, wakaandika "angelic orders". Stephen Mitchell, 1982, akaandika "angels' hierarchies".

Nilipoisoma hiyo hierarchies nilihisi nimeingizwa kanisani, kwenye madaraja tisa ya malaika wanayofundisha wanazuoni wa Kikristo. Kumbe Rilke mwenyewe, katika barua aliyomwandikia mfasiri wake wa Kipolandi Witold Hulewicz mwaka 1925, alisema malaika wa tenzi hizi hahusiani na malaika wa mbingu ya Kikristo, na kwamba yuko karibu zaidi na malaika wa Uislamu. Ordnung kwa Kijerumani ni mpango, utaratibu, kitu kimekaa mahala pake. Mimi neno lililonijia bila kulitafuta ni safu. Kila aliyepita chuoni analijua, Suratul Fajr aya ya 22, malaika safu safu. Sidai kuwa Rilke aliifikiria aya hiyo. Nasema neno letu limesimama karibu naye kuliko hierarchies, na orders ya wale wa 1939 imesimama karibu vilevile, japo ni ya zamani na wengi wanaiona imechakaa.

Jirani wa Hamburg

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye treni na nimepitiliza kituo. Nina la kusema kuhusu Celan, nalo si jepesi.

Paul Celan alizaliwa Czernowitz mwaka 1920, Myahudi, nyumbani kwao Kijerumani kilikuwa lugha ya mama yake hasa. Wazazi wake walichukuliwa na kufia kambini, mama alipigwa risasi. Yeye akaendelea kuandika kwa Kijerumani, lugha aliyofundishwa na mama, lugha ya waliomuua mama. Aliishi Paris hadi alipokufa mtoni Seine mwaka 1970. Todesfuge, shairi lake la kambi, ajabu yake ni kwamba lilichapishwa kwanza kwa tafsiri, kwa Kiromania, mwaka 1947, kabla ya kuchapishwa kwa Kijerumani.

Halina nukta wala koma hata moja. Linaanza "Schwarze Milch der Frühe wir trinken sie abends". Maziwa meusi ya alfajiri tunayanywa jioni. Michael Hamburger ameandika "Black milk of daybreak we drink it at sundown". Huyu Hamburger mwenyewe alizaliwa Berlin mwaka 1924, familia ikakimbilia Uingereza mwaka 1933, na alichapisha tafsiri zake za kwanza za mshairi Hölderlin akiwa na miaka 19, wakati vita vinaendelea na Kijerumani ni lugha ya adui. Nikisoma sundown yake nakumbuka hayo.

Kuna mstari unaorudi: "der Tod ist ein Meister aus Deutschland". Kiingereza cha kawaida kinasema "Death is a master from Germany". Nafanya kazi kwenye karakana hapa. Meister kwetu ni fundi aliyemaliza mafunzo yote, akafanya mtihani wa mwisho, akapewa cheti chenye mhuri, na ana haki ya kufundisha wengine. Ni neno la heshima ya mikono. Master ya Kiingereza inakwenda kwa bwana, mwenye watumwa, mwenye kuamuru. Maana hiyo nayo imo katika shairi, lakini ile ya fundi imefifia, na hiyo ndiyo inayonitia baridi: mauti kama kazi iliyofanywa kwa ustadi, kwa vipimo, na mtu mwenye cheti. Kiswahili tungeandika "mauti ni fundi kutoka Ujerumani" na kila mtu angeelewa mara moja.

Mfasiri mwingine, John Felstiner, alifanya jambo ambalo nililipinga mara ya kwanza nilipoliona, sasa nalikubali. Mstari huo anaufasiri mwanzoni karibu wote, halafu kila unaporudi anaacha kipande kimoja cha Kijerumani ndani, kisha kingine, hadi mwishoni wote ni Kijerumani. Na mistari miwili ya kufunga, ya nywele za dhahabu za Margarete na nywele za majivu za Sulamith, ameiacha ilivyo: "dein goldenes Haar Margarete / dein aschenes Haar Sulamith". Msomaji wa Kiingereza asiyejua neno la Kijerumani anafika hapo akiwa ameshafundishwa na shairi lenyewe, kwa kurudiarudia. Lugha ya muuaji imeingia mdomoni mwake kidogo kidogo. Mwendo ule anaousema Msomaji, Felstiner aliufasiri kwa kukataa kufasiri.

Mwalimu Mstaafu

Jirani, nimekisoma ulichoandika nikanyamaza muda. Kwa Celan sina la kutetea kuhusu vina. Asante.

Kijana Eldoret

Nimejifunza mengi leo kuliko muhula mzima. Msomaji, sasa wewe ulilete lile la Goethe kwa Kiswahili. Umewapima Longfellow na wenzake, nasi tukupime.

Msomaji wa Ilala

Haki yenu. Nilikuwa nalo, niliogopa kulitoa. Mwalimu Nyerere alitufungulia njia kwa Shakespeare mwaka 1963, sina sababu ya kuogopa mistari minane.

Vileleni kote
Kumetulia;
Mitini kote
Wasikia
Pumzi haba.
Vindege mwituni vimenyamaa.
Ngoja tu, punde
Nawe utatulia.

Nieleze mawili. Goethe ana spürest, kuhisi kwa ngozi. Longfellow alilazimika kuchagua, akachagua kusikia kwa sikio, na hewa ikageuka sauti. Mimi sikuchagua chochote. Kwetu mtu husikia sauti, husikia baridi, husikia njaa, neno ni moja. Na Vögelein ni ndege wadogo wa kupendwa, Kiingereza kikasema birds tu, sisi tuna vindege. Nilipoviona hivyo viwili nilisimama kutoka mezani, nikatembea uani.

Kinachonisumbua ni mstari wa mwisho. Kumetulia na utatulia zinashika ile Ruh na ruhest, sawa. Lakini ruhest ina kaburi ndani yake kwa mbali, na kutulia kwetu kunamhusu zaidi mtoto mtundu. Nilijaribu utapumzika. Inaleta kaburi, tena inashikana na pumzi ya juu yake, pumzi na kupumzika ni mzizi mmoja. Ila inapoteza kumetulia. Nimekwama hapo tangu Machi.

Mtunza Maktaba

Pumzika. Pumzi na pumzika ni zawadi, usiitupe.

Mwalimu Mstaafu

Silabi zinazidi. "Nawe utapumzika" ni nane, na mstari wa Goethe una nne. Lazima ufunge kwa ufupi, mlango unafungwa polepole lakini mara moja.

BintiPemba

Msomaji, jina la shairi ni lipi?

Msomaji wa Ilala

Wandrers Nachtlied, wimbo wa usiku wa msafiri. Goethe alikuwa na jingine la jina hilo, hili akalipa kichwa "Ein gleiches", yaani jingine kama hilo.

BintiPemba

Basi msafiri hutua. Hutua mzigo, ndege hutua mtini, jua likizama husemwa limetua. Na kutulia kwenyewe kumezaliwa na kutua, ni kitenzi kilekile kimeongezwa kiungo. Sema:

Ngoja tu, punde
Nawe utatua.

Umeishika Ruh ya juu kwa mzizi. Mzee kwetu akikata roho watu husema amepumzika, najua. Lakini anayetua mzigo wa safari usiku, hakuna asiyejua ni safari gani.

Msomaji wa Ilala

Dada, nimeliandika kwa wino. Nimelisoma kwa sauti mara sita na mke wangu ametoka jikoni kuuliza ni nini.

Kijana Eldoret

Utatua. Hata kituo cha shairi kimetoka hapo, si ndiyo?

Mwalimu Mstaafu

Hapo hapo, kijana. Nimekaa na noti za Schubert. Mistari mitano ya kwanza inaimbika ikivutwa kidogo, na "nawe utatua" inakaa vizuri mno, ile -tua inashuka pale pale sauti inaposhuka. Wa sita ndio mgumu. "Vindege mwituni vimenyamaa" una silabi kumi na moja, Goethe ana tisa. Ukitoa vime- ukasema "vindege mwituni vyanyamaa" zinabaki kumi, ila nahofia vyanyamaa inawafanya wanaanza kunyamaza sasa hivi, na Goethe anataka wawe kimya tayari. Niachieni hadi Jumapili, nitaijaribu na sauti ya tatu baada ya ibada.